Kompyuta ya Mke Wake wa Kwanza

Mwenzenu nilibakiza siku kumi na mbili niolewe, mke wa zamani wa mchumba wangu akaingia ofisini kwangu amekumbatia kompyuta.

Mimi ni fundi kompyuta. Mwanamke, ndiyo, na msinianze.

Nilikuwa namjua kwa picha tu, na picha hazikusema kama ni mzuri kiasi kile. Nikamchukia papo hapo. Hata viatu vyake nilivichukia.

"Dada fundi, inasema haioni diski," akasema.

"Ya zamani mno hii," nikamjibu kwa nyodo. "Pengine diski imekufa. Niachie siku tatu."

Alipotoka tu nikafungua boksi la mashine. Vumbi hilo! Nikawasha, nikaingia kwenye mipangilio, kweli diski haipo. Nikapapasa waya mmoja mmoja. Kumbe waya wa data umechomoka. Nikauchomeka, mashine ikaamka. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Fundi anayejiheshimu angempigia mteja simu. Mimi nikafunga mlango kwa ufunguo.

Jamani, wivu ni ugonjwa. Nilitaka nione picha za harusi yao, nione kama alimshika kiuno kama anavyonishika mimi. Mchumba wangu alishaniapia kwamba yeye na yule waliozeshwa tu na wazazi, mapenzi hayakuwepo.

"Barua za mapenzi nimeanza kuandika kwako," aliniambia.

Na aliandika kweli. Alizichapa, akasaini kwa mkono. Nilizisoma mpaka nikazikariri.

Sasa kwenye ile diski kulikuwa na folda imeandikwa "Barua".

Nikafungua moja. "Kabla yako nilikuwa nyumba isiyo na madirisha..."

Hiyo si barua yangu? Neno kwa neno, hadi ile ahadi ya kuniimbia nikiumwa! Nikafungua ya pili, ya tatu. Zote nazijua. Jina la juu tu ndilo halikuwa langu.

Nililia. Ila niseme ukweli, sikulia kwa kudanganywa. Nililia kwa sababu yule mwanamke alizipata kabla yangu.

Siku ya tatu akaja. Nilijipaka wanja, wapi, macho yamevimba vilevile.

"Ni waya tu ulichomoka," nikasema bila kumtazama.

"Najua. Niliuchomoa mimi."

Nikamkodolea.

"Umezisoma?"

Akavuta kiti akakaa, akageuza kioo cha kompyuta upande wangu.

"Mashine hii aliniachia yeye tulipoachana. Hebu angalia faili ya mwanzo kabisa iliandikwa lini. Mwaka huo hata mimi alikuwa hajanijua."

Nikaangalia. Jina la juu halikuwa langu wala lake.

"Miaka sita nilijua ni zangu peke yangu," akasema.

"Sasa dada yangu, si ungeniambia tu? Waya wa nini?"

"Ningekuja kukuambia kwa mdomo, ungesema mtalaka ana wivu. Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Ningemtoa mbio, halafu ningemsimulia mchumba wangu tukamcheka wote wawili.

Harusi haikuwepo. Watu wamesema mengi, waacheni waseme.

Nawe unayesoma hapa ukiwa umeshika simu ya mwenzio, shika hili: wivu ukiuachia ukuchagulie adui, utakuchagulia mtu aliyekuja kukuokoa, na mwongo utamwachia kitanda.