Nta ya Baba Mkubwa

Leo nimeyeyusha nta kuziba nyufa za bawa la ndege yangu, na harufu yake imenirudisha uani kwetu Itigi, siku baba mkubwa alipoikanyaga ndege hii ya rimoti aliyoniachia marehemu baba. Alisema mlio wake unafukuza nyuki wake. Kiatu chake kilinuka moshi na asali. Mama akanisukuma mgongoni: "Msalimie baba yako mkubwa." Nikasema shikamoo. "Marahaba," akaitikia, mguu ungali juu ya bawa.

Nta hii nimeinunua kwake. Jioni, nta ilipoganda, nilimwendea nikamkuta amekaa nje na fimbo yake, mizinga ikining'inia mitini nyuma yake. Niliirusha ndege kwanza, ikapanda ikinguruma. Nikamwambia shikamoo, nikangoja. Alipoitikia marahaba, nikaielekeza kwenye mizinga.