Matairi Laini ya Hamdun

Hamdun ni dereva aliyezaliwa na anayeishi mahali pasipoingia gari. Vichochoro vya Langoni, mtaa wa kisiwani, havipitishi zaidi ya punda na mzigo wake, kwa hiyo jirani zake hawajawahi kumwona kazini. Wanachojua ni kwamba kila asubuhi hupanda boti kwenda Mokowe, na jioni hurudi akinuka petroli. Huko Mokowe ndiko inakolala pikapu nyeupe ya Bi Ruqaiya, muuza nazi na maembe, na Hamdun ameiendesha miaka kumi na mmoja kana kwamba aliirithi kwa babake.

Ana jambo moja la kuringia, na huringa kwelikweli: hajakwama mchangani hata siku moja. Zamani, kabla ya lami, madereva wengine walishinda wakichimbua magurudumu kwa sepetu huku jua likiwapiga utosini. Hamdun alikuwa akiinama na kijiti cha kibiriti, anabonyeza pua ya tairi, upepo unatoka huku yeye anamsalia Mtume mara kumi na moja, basi. Geji ya kupimia upepo hakuijua. Tairi gumu huchimba mchanga, tairi laini hutandaa juu yake na kupita. Hapo alikuwa na haki, na mimi simbishii.

Lami ilipokuja, Hamdun hakubadilisha kitu. Shamba la Bi Ruqaiya bado lilikuwa ndani, mwisho wa kipande kifupi cha mchanga, na kwa ajili ya kipande hicho matairi yakabaki laini wiki nzima. Nani angemfundisha kazi Hamdun?

Balaa lilianza mwaka huu, Bi Ruqaiya alipopata wateja Witu. Safari ikawa ndefu, karibu yote lami. Zaki, mpwa wa bibi huyo, alikuwa na pikapu ya aina ileile, akipeleka mzigo uleule kwa njia ileile, na alitumia lita kumi na nane kwenda na kurudi. Hamdun alitumia ishirini na nusu. Safari ni mbili kwa wiki, kwa hiyo petroli iliyopotea ilitosha kujaza kidumu cha lita tano. Na gatini Mokowe zimejaa boti za mashine, zenye wenyewe wasiouliza kidumu kimetoka wapi.

Bi Ruqaiya hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Hamdun, mimi sisemi yambo," alimwambia Jumatatu, bila kumtazama usoni. "Lakini Ijumaa niletee ufunguo."

Miaka kumi na mmoja, na sasa ni mwizi! Chakula kilimkataa. Mkewe, Afra, alipomuuliza ana nini, alisema ni tumbo. Gatini mabaharia waliokuwa wakimtania walianza kunyamaza akipita. Alilala chali chini ya gari akitafuta mahali tangi linapovuja, akapapasa kila bomba, akatoka na vumbi tu. Mwishowe alianza kujishuku mwenyewe, jambo ambalo ni baya kuliko kushukiwa na watu.

Jumatano tairi la nyuma likaokota msumari. Fundi wa matairi Mokowe ni Bochaberi, mwanamke wa Kisii mwenye mikono mipana na maneno machache. Alilifungua tairi, akaligeuza, akaguna.

"Bwana Hamdun, angalia. Kingo zimeisha huku na huku, katikati bado ni mpya. Hili limekuwa likitembea bila upepo."

Akapima yale mengine matatu. Geji ilisimama kwenye paundi kumi na nane. "Na mzigo ule unaobeba, ya nyuma yanataka zaidi ya mara mbili ya hii. Umewahi kusukuma mkokoteni wenye tairi bapa? Unasukuma mpaka unatoka jasho, na haufiki. Sasa injini yako inasukuma hivyo hadi Witu. Lazima inywe mafuta."

"Mama, mimi naiyua ndia hii tangu ni mtanga mtupu!" Hamdun alifoka.

"Huo mchanga umefunikwa, Bwana Hamdun. Hiyo ni lami."

Hamdun alikaa juu ya ringi kuukuu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, kisha matumaini yakamjia ghafla, akasimama. "Jaza," alisema. "Yajaze yote." Akampigia simu Bi Ruqaiya, akamwomba safari moja tu, naye mwenyewe aketi garini.

Alhamisi Bi Ruqaiya alikuja. Tangi likajazwa mpaka shingoni, akalifunga kwa mkono wake na kutia ufunguo wa kifuniko mkobani. Wakaenda Witu, wakashusha nazi, wakarudi. Kama kosa si la upepo, basi Hamdun alikuwa amejifunga kitanzi mwenyewe mbele ya shahidi. Usukani ulikuwa mwepesi ajabu, gari likiteleza, lakini hakuthubutu kufurahi.

Mokowe, kijana wa pampu alijaza tena tangi hadi palepale shingoni. Tarakimu zikakimbia, zikapunguza mwendo, zikasimama. Lita kumi na nane na kidogo.

Bi Ruqaiya alizisoma. Kisha akashuka garini, akajitanda vizuri buibui lake, na badala ya kusema na Hamdun akaelekea gatini, mahali mabaharia walipokuwa wamekaa. Hamdun alimfuata asijue kunani.

"Sikizani," alisema kwa sauti ambayo Hamdun hakuwahi kuisikia kwake. "Petroli yangu haikuibiwa hata tone moya. Huyu ni mtu mwaminifu. Aliyekosa ni mimi, niliyemdhania." Akamgeukia, na safari hii alimtazama usoni. "Niwie radhi, Hamdun."

Baharia mmoja akasogea kumpisha Hamdun kwenye ukingo wa gati, naye akaketi, akashusha pumzi aliyoizuia tangu Jumatatu, akalia kwa raha mbele ya wote wala asione haya.