Kanuni ya Kumi na Nane

Shemeji yangu Yuditha, mjane wa kaka yangu Primus, alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi. Alirithi kihamba cha mumewe, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, hapa Mwika, na pamoja nacho uanachama katika chama chetu cha wakulima wa kahawa. Kila mwanachama alipewa kijitabu cha kanuni. Sisi wanaume tulikitupa darini kikala moshi. Yeye alikisoma kama Katekisimu, ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka 1952 kamati ilitaka kufunga mashine ya kumenya kahawa. Mwenyekiti, Mzee Ebenezeri, akajitolea kukiuzia chama kiwanja chake. Kiwanja hicho kilikuwa juu ya kihamba cha Yuditha, kando ya mfongo, ule mfereji aliotegemea kwa migomba na ng'ombe wake. Maganda na maji machafu yote yangemshukia yeye. Tulilijua hilo sote, lakini Ebenezeri alikuwa mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa, na akikutazama unasahau ulichotaka kusema. Mimi nilikwisha kuamua kunyoosha mkono wa ndiyo. Nasema ukweli, nilimwogopa.

Siku ya mkutano mkuu mvua ilinyesha, tukajaa katika darasa la shule. Yuditha alisimama, akapita katikati yetu hadi mezani. Mkononi alishika jani la masale lililofungwa fundo. Kwetu anayepewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe, hata kama ameuliwa mwana. Nilidhani anakwenda kuomba radhi kwa kosa tusilolijua. Kumbe kosa lenyewe alikuwa bado hajalitenda.

"Shikamoo, baba," alisema, akimkabidhi jani kwa mikono miwili. "Unisamehe kwa neno hili. Kanuni ya kumi na nane inasema mjumbe wa kamati mwenye faida yake katika jambo atoke nje linapojadiliwa. Naomba utoke."

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mzee wa namna ile akiambiwa atoke, tena na mwanamke. Ebenezeri alilitazama jani, akatutazama sisi, akachukua fimbo yake akatoka. Kijitabu kile chembamba kilikuwa kimemwinua kitini mtu ambaye hatukuthubutu hata kumkatiza maneno.

Kisha Yuditha naye akatoka. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikawaona wamesimama mvuani, wote wawili wamelowa.

"Wewe umetoka kwa nini?" Ebenezeri alimwuliza. "Kanuni hiyo naijua. Inamtaja mjumbe wa kamati. Wewe ni mwanachama tu, haikuhusu."

Nilishtuka. Kumbe aliijua siku zote.

"Najua, baba," Yuditha alijibu. "Lakini maji yale ni yangu. Ningekuwa naipigia kura migomba yangu."

Ndani, katibu wetu Sirili alikuwa ameanza kuita wanaokubali, na mikono ilikuwa inapanda, mingi mno. Wangu niliukalia. Ndipo Ebenezeri akafika mlangoni. Hakuingia. Alisimama na viatu vyake nje ya kizingiti, mvua ikimchuruzika mgongoni.

"Sirili, andika," akasema. "Kiwanja changu nimekiondoa."