Mzee Asukulu Hakuwa Mulevi

Iko siku moja haitaki kunitoka, mwanangu. Imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha hospitali hapa Uvira, mguu umefungwa mbao, na afisa wa polisi amesimama kando yangu na karatasi zake. Nyuma yake alisimama Patron Feruzi, mwenye kamyo niliyokuwa naendesha. Afisa aliniuliza kama ni kweli konvoyeri wangu, Mzee Asukulu, alikunywa pombe ya kasiksi akalala, na kwa sababu hiyo minye nikapita upande mubaya wa barabara nikaua muntu. Mzee Asukulu mwenyewe alikuwa pale mlangoni, mikono imefungwa kamba, ananiangalia. Alikuwa anangoja niseme minye.

Nilitikisa kichwa: ndiyo.

Watu wanafikiri siku yangu mbaya ni ile ya ajali. Hapana. Ajali iliniponyoka. Kichwa hiki nilikitikisa kwa nguvu zangu.

Nirudi nyuma kidogo, ili unifuate vizuri. Minye ni mtoto wa Lubarika, kwenye tambarare ya Ruzizi. Vita vilinitoa kule nikiwa na miaka kumi na sita, masomo yakaishia hapo, nikafika Kigoma na kukaa miaka kumi na moja. Kuendesha gari nilijifunzia huko. Na Tanzania magari yanapita kushoto. Volan, ule usukani, iko kuume, kwa hiyo shofere anakaa kwa upande wa katikati ya barabara, na kiwiko chake dirishani kinapishana na kiwiko cha mwenzake anayekuja. Mwili wangu ulizoea hivyo, na wahenga walishasema mazoea yana taabu. Niliporudi Kongo nilikuwa mgeni katika nchi ya mama yangu. Kiswahili changu kilichekwa sokoni, watu wakaniita Mutanzania, na barabara nayo ilikuwa imenigeukia. Hapa kwetu tunapita kuume.

Sasa weye ulizaliwa hapa, huenda jambo hili hujawahi kulitazama. Kamyo nyingi za hapa zinatoka Dar es Salaam, volan yao iko kuume, na barabara yetu vilevile ni ya kuume. Maana yake shofere amekaa kwenye majani. Akitaka kupita gari la mbele, haoni kitu. Ndiyo maana kamyo ya namna hiyo haitembei bila konvoyeri kwenye dirisha la kushoto. Usidhani ni muntu wa kufunga kamba za mizigo tu. Yeye ndiye macho. Anatoa kichwa nje, akisema pita, unapita; akisema bakia, unabakia, hata kama weye unaona mbele kumekuwa kweupe.

Macho yangu alikuwa Mzee Asukulu, Mubembe wa Fizi, aliyeendesha kamyo mwenyewe tangu ujana mpaka mkono wake mmoja ukakauka. Alikuwa muntu wa maneno machache. Pombe aliiacha siku alipobatizwa, na hakuna aliyemwona akiigusa tena. Siku ya kwanza nilipopanda kwenye kamyo ya Patron Feruzi, mzee alinizuia kuwasha moteri.

"Mutanzania," akaniambia, "kila mara ukizima moteri, mbele ya kuwasha tena, angalia kiwiko chako. Kiko upande wa majani? Enda. Kiko upande wa watu wanaokuja? Shuka, unawe uso, uanze upya."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba minye ni shofere, siyo mwanafunzi.

"Shofere uko," akajibu. "Ila mkono wako ungali ng'ambo."

Miezi minane tulitembea hivyo, Uvira na Makobola, Makobola na Uvira, na kila nilipowasha moteri alikuwa anauliza tu, "Kiwiko?" Ilinichosha, mwanangu. Kijana akiambiwa neno moja kila siku, analisikia kama tusi. Kumbe lilikuwa chakula.

Ikafika siku ile. Tulikuwa Makobola, jua la saa sita, tumepakia mihogo na samaki ndagala. Patron Feruzi alifika na mukwe wake, mama ya bibi yake mpya, aliyekuwa anakwenda Nyamianda, hapa Uvira, kumtembelea binti. Akaamuru mukwe akae mbele, peke yake, asibanwe, na Mzee Asukulu apande juu ya magunia. Mzee alivua kofia. Alimweleza kwa upole kwamba dirisha la kushoto siyo kiti, ni jicho la gari. Mama akae katikati, yeye abaki dirishani.

"Mukwe wangu nimukalishe kati ya wanaume wawili kama gunia?" Patron akasema. "Panda juu, mzee. Usinipatishe haya."

Heshima ya mukwe ni kitu kikubwa kwetu, siwezi kuikataa. Lakini kwenye mtumbwi, hata umheshimu mukwe namna gani, humpi kasia asilolijua. Patron alijua kazi ya dirisha lile kuliko sisi wote. Kamyo ilikuwa yake. Na minye, shofere, niliyepaswa kusema gari haliondoki, nilinyamaza. Tena nilifurahi. Nilisema moyoni: leo hakuna wa kuniuliza kiwiko.

Niligeuza kamyo kuelekea Uvira. Ukielekea Uvira, kiwiko chako kinapaswa kupita kwenye majani ya ukingo wa ziwa. Lakini nilipomaliza kugeuza, mkono wangu ulinipeleka kwao. Kushoto, upande wa mlima. Na nilijisikia raha, mwanangu, kama muntu aliyevaa kiatu chake cha zamani. Raha ile ndiyo ilipaswa kunistua.

Mzee Asukulu alipiga bati la kabini kwa kiganja, mara tatu. Nilimsikia. Akapiga tena, kwa nguvu, bati likawa kama ngoma ya kanisa. Mama mukwe akauliza, "Shofere, huyu mzee anagonga nini?"

"Hasira ya kiti, Mama," nikamjibu.

Baada ya hapo kuna kona ambapo mlima unaisukuma barabara mpaka karibu na maji. Kwenye kona ile alitokea kijana wa taxi-moto, pikipiki ya kubeba abiria, Dunia wa Nyamianda, yuko kwenye upande wake, upande wa haki. Mkono mmoja ana mlima, mbele yake niko minye. Hakuwa na pa kukimbilia. Nilikata volan, lakini wakati ulikuwa umeisha. Dunia alikufa palepale. Kamyo iligonga jiwe, na mguu wangu ukavunjika chini ya goti; Mama mukwe hakuumia. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengine wanaimba hiyo methali shuleni; minye naitembelea kila siku, unaniona ninavyochechemea.

Mzee Asukulu alirushwa kutoka juu ya magunia. Alipoinuka, kitu cha kwanza alivua shati lake akamfunika Dunia. Watu walikuwa wameanza kufika na mawe, wanauliza shofere ni nani, na mmoja akasema ni ule Mutanzania, anapita njia ya kwao. Walikuwa na haki ya hasira. Mzee alisimama mbele ya mlango wa kabini, kifua wazi, damu inamtoka sikioni.

"Mumuache," akawaambia. "Kinywa iko nacho. Atajibu yeye mwenyewe."

Wakaniacha. Uhai huu unaouona, ni yeye aliyeuomba kwa watu wenye mawe.

Siku ya pili Patron Feruzi alikuja hospitalini kabla ya afisa kufika. Alikaa kitandani kwangu kama ndugu. Akanieleza kwamba ukweli ukisemwa, mukwe wake ataitwa polisi kutoa ushahidi, na mukwe akiitwa polisi kwa sababu ya mukwilima, mume wa binti yake, ndoa imekufa na jina la familia limekufa. Afadhali niseme mzee alikuwa dirishani, amelewa. Atafungwa kasho mwezi mmoja, yeye Patron atamtoa. Nilimwambia mzee hanywi. Ndipo uso wake ukabadilika.

"Weye hauna karatasi hata moja ya hapa," akasema. "Ukinikatalia, minye sikujui. Uliza wale wenye mawe kama wanakujua."

Afisa alipoingia, niliuza muntu aliyenipa uhai. Afisa yule anaitwa Kabwe. Hakuuliza mara mbili. Hakumwita Mama mukwe, hakumnusa mzee kinywa, hakuenda kuangalia alama za vidole vyake kwenye vumbi la bati. Aliandika na kufunga.

Mwezi mmoja ukawa mwaka na zaidi. Patron hakumtoa. Mzee Asukulu aliporudi nyumbani alikuwa anakohoa, na mvua zilizofuata hakuzimaliza. Watoto wake wanne wakabaki na jina la watoto wa mulevi. Mama ya Dunia alikuwa akipita mbele ya nyumba yao anatema mate chini.

Nilikwenda kwenye kilio na fimbo yangu. Niliomba neno mbele ya watu wote, nikaeleza kama ninavyokueleza weye. Binti mkubwa wa mzee hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama baba yake alijua kwamba ni minye niliyemkana. Nilisema ndiyo, aliona kwa macho yake. Akasema, "Basi alikufa anakujua," akaingia ndani. Watu wa pale wangenipiga ningeshukuru. Hawakunipiga.

Kutoka pale nilikwenda Nyamianda kwa mama ya Dunia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye kanga.

"Miaka hii yote nimemulaani muntu asiye na kosa," akasema. "Na weye unakuja na ukweli amekwisha kuzikwa. Nitamuomba nani musamaha? Nipeleke kwa huyo Feruzi."

Tulikwenda, yeye mbele, minye nachechemea nyuma. Patron Feruzi alitoka mpaka getini, akamwambia kwamba nilipigwa kichwa siku ya ajali, tangu pale sina akili. Akafunga geti. Nilikwenda kujitoa polisi mwenyewe. Kabwe aliniweka kasho wiki tatu, kisha akanifukuza, ati kesi imefungwa, niache kuwasumbua. Ni mara ya kwanza niliona muntu anafukuzwa kasho kwa kosa la kusema kweli.

Leo Patron Feruzi ana kamyo tatu na anakaa kiti cha mbele kanisani. Kabwe amepandishwa cheo. Wananipitia barabarani, wanapiga honi niwapishe. Siwapishi. Kuna watu wananishauri ninyamaze, ati maji yamekwisha kumwagika. Maji yaliyomwagika ni damu ya Dunia na jina la mzee, na jina linaweza kuokotwa. Nitasema sokoni, nitasema kwenye harusi na kwenye vilio, mpaka waliofunga masikio wachoke kuyashika.

Mwanangu, ukifika nchi ya watu, usiwaonee haya wanaokufundisha njia zao, hata wakikufundisha kila asubuhi. Ukijisikia raha upesi kwenye njia ngeni, simama uangalie. Mkubwa wako akikuamuru uondoke bila macho, zima moteri, hata kazi ikipotea. Kazi nyingine utaipata. Na ukifanya kosa, useme ni weye, siku ileile, kabla mwingine hajafungwa kamba kwa ajili yako. Minye nilichelewa; mguu uliovunjika una fimbo, ukweli uliochelewa hauna.

Mungu akulinde barabarani na nje ya barabara. Akupe mzee wa kukuonya, akupe na masikio ya kumsikia angali hai. Watoto wako wasibebe jina baya ambalo si lao.

Na weye, Patron Feruzi, najua maneno haya yatakufikia, kwa sababu mji wetu haufichi kitu. Minye niliua kwa mikono yangu, nikakana kwa kichwa changu, na nimelisema mchana mbele ya watu. Njoo Nyamianda. Njoo na Kabwe wako na karatasi zake. Simama mbele ya mama ya Dunia na watoto wanne wa Asukulu, uwaambie kwa kinywa chako ni nani aliyemtoa baba yao dirishani, na kwa nini ulimwita mulevi. Kama uko mgonjwa, tutakubeba. Kama ni geti, tutakaa nje yake.