Viatu Kifuani Mbele ya Hekalu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasulu, bosi wangu Sefu Mrisho hakunipa kamera. Alinionyesha picha ya bwana harusi aliyekatwa miguu.

"Mteja wa huku anataka aonekane mpaka viatu," akasema. "Ukimkata miguu, atasema umemfanya kilema. Na kazi huna."

Nikalishika hilo. Shule niliishia darasa la tatu. Mjomba Gervasi alinitoa nikamchungie mbuzi Murungu huku wanawe wakisoma. Namtaja, maana alijua alichofanya. Ila jicho halidai cheti. Nilijifunza kuingiza mkanda, yaani filamu ya picha thelathini na sita, na kusafisha picha kwenye chumba cha giza, dawa ikinuka kama siki, mpaka sura ya mtu iibuke yenyewe kwenye karatasi. Sijaona raha ya kuizidi ile.

Kisha wakulima wa kahawa wakaalikwa India kuona mashamba ya wenzao, wakataka mpiga picha. Sefu aliogopa ndege, akanituma mimi.

"Niletee picha ya wote mbele ya hekalu la kale, na miguu yao yote. Ukiweza, jina lako nitaliandika nyuma ya kila nakala."

Jina langu! Nilikuwa nimeliona kwenye cheti cha ubatizo tu.

Mji wa kule ulitupokea kwa honi. Wanawake wamevaa maua kwenye nywele siku ya kazi, chai inamiminwa kutoka juu kama maporomoko na haimwagiki. Ng'ombe kalala katikati ya barabara, magari yanamzunguka kwa adabu. Mzee Ntibashima wa Busunzu akagoma kuondoka.

"Mwenye ng'ombe yuko wapi? Hatuwezi kumwacha hivi!"

Tulimvuta mkono.

Hekalu lenyewe, jamani! Mnara umechongwa watu, tembo na ndege, wamesongamana kama siku ya gulio. Niligusa tembo wa jiwe. Mgongo wake umelainishwa na viganja vya watu waliokufa zamani. Nikamwonea fahari fundi yule nisiyemjua.

Lakini mkandani ilibaki picha moja. Mwenyekiti wao, Bihole, alikuwa amezimaliza nyingine kwa kupigwa peke yake kila mlangoni. Naye namtaja. Na uwanjani mlinzi akatuvua viatu, maana hekaluni hapakanyagwi kwa viatu.

"Mwana wane," Mzee Ntibashima akaniambia, "nipigwe peku? Busunzu watasema nilikwenda ng'ambo nikanyang'anywa viatu!"

Wote wakakataa kusimama. Nikaiona kazi yangu inakwenda, na jina nalo. Ndipo Mama Yoranda, mwanamke pekee katika msafara, akasema, "Si tuvishike kifuani? Viatu vitaonekana, na miguu itaonekana."

Mlinzi akatikisa kichwa. Mama Yoranda akamwonyesha kwa mikono kwamba havitagusa chini. Mlinzi akacheka, akageukia upande mwingine.

Wakajipanga, viatu kifuani kama watoto wachanga, wanarukaruka kwa moto wa mawe ya uwanja. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka ncha ya mnara na vidole vya miguu vikaenea. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, kama inavyotakiwa. Nikabonyeza.

Tuliporudi Kasulu, picha ikaibuka: mnara wote, watu kumi na mmoja, miguu yote. Na chini kabisa, kivuli changu.

"Kivuli kinaharibu," Sefu akasema. Akakikata kwenye kila nakala, akagonga nyuma muhuri wa jina lake. Nilimkumbusha ahadi. "Ahadi ipi?" akaniuliza.

Muda si mrefu wateja wakamiminika kutoka Kibondo mpaka Manyovu wakitaka "pozi la India", viatu kifuani. Maharusi nao! Nilicheka kila siku, na kila siku Sefu aligonga muhuri.

Sasa simu zimetupumzisha wapiga picha. Juzi nilialikwa harusi Murungu, nyumbani kwa Mama Yoranda. Ukutani ipo nakala niliyompa kwa siri, haijakatwa. Nilipofika mlangoni, alikuwa akiwauliza wageni, "Mnaona watu wangapi?"

"Kumi na mmoja, bibi."

"Hesabuni vizuri." Akaweka kidole chini, kwenye kivuli. "Huyu wa kumi na mbili ni Leonsi. Ndiye aliyetupiga. Yule pale mlangoni, mpeni kiti."