Kanda za Mzee Tulizofugishana

Nina wivu. Nasema mapema ili mtu asinitafutie neno la adabu. Mume wangu alipokuwa hai watu walininong'oneza kwamba ana mwanamke kule Dongobesh, nikawaambia basi wampelekee na nguo zake chafu. Sikuumia. Wivu wangu ulikuwa kwingine kabisa, kwa mzee mmoja mpiga piano ambaye hakuwahi kusikia kwamba duniani kuna mji unaitwa Mbulu.

Nilimpata ndani ya koti. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaruhusiwa, na sisi mafundi cherehani wa Mbulu mjini tukapata kazi ambayo hatukufundishwa: kupunguza makoti ya wanene wa Ulaya yawatoshe watu wa kijiji cha Daudi. Baridi ya kwetu haina utani, kila mtu alitaka koti. Siku hiyo nafumua bitana, mkono ukagusa kitu kigumu kwenye mfuko wa ndani. Kanda ya redio. Kwenye karatasi yake kuna picha ya mzee ameinamia piano kama anatafuta sindano iliyomdondoka. Nikaitia kwenye redio yangu nikitegemea mtu aimbe. Wapi! Hakuimba mtu. Piano, besi, ngoma ndogo kwa nyuma, na huyo mzee mwenyewe akinung'unika chini kwa chini huku anapiga, kama mtu anayesemezana na ng'ombe wake njiani. Niliacha kushona mpaka upande wa kwanza ukaisha. Mwenye koti alikuja akalikuta limefumuliwa, akafoka, nikamwambia aende akatembee sokoni kwanza.

Tangu hapo nikamwita Mzee, basi, na nikaanza kumtafuta. Si kazi rahisi. Ukimwambia muuza kanda wa Arusha unataka jazi, anakupa bendi za magitaa na matarumbeta, muziki wa kuchezea dansi. "Piano tupu?" aliniuliza mmoja. "Mama, hiyo si ya kanisani?" Nikaona huyu hanifai. Nikahamia kwa madereva wa watalii wanaopita Karatu, nikawashonea suruali na kuwaomba waulizie kwa wageni wao. Wengine walinicheka. Wengine waliniletea, na mara nyingine ndani ya kanda nikamkuta Mzee kweli, kijana zaidi, anakimbiza vidole utadhani anadaiwa.

Halafu akaja nesi. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja kule Endasak, binti wa wafugaji wa Kibarbaig wa tambarare za Hanang, ndugu zake wote wapo nyuma ya ng'ombe isipokuwa yeye. Alileta kitambaa cha sare. Nikawa nampima mabega huku kanda inalia, naye akasema, "Dada, rudisha pale nyuma kidogo. Pale aliponyamaza."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Wateja wangu wote walikuwa wakiniuliza wimbo unaanza lini. Huyu alisikia palipokuwa kimya! Nilirudisha. Nikarudisha tena. Sare yake nikaishona siku hiyo hiyo, nikawaacha wa foleni wanune.

Nesi alikuwa na mwalimu wake wa zamani, muuguzi wa Kizungu aliyekwisha rudi kwao, wakiandikiana barua. Akamwomba, na kanda zikaanza kuja. Za kwake zikawa nyingi kama zangu. Ni yeye aliyesema tusiziweke zote nyumba moja, maana panya wapo, moto upo, wezi wapo. "Tufugishane," akasema. Kwao na kwetu ni hivyo hivyo: mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake, wengine anawapeleka kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia usifagie wote. Anayefuga anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, mfugaji analeta ngozi na maelezo.

Basi tukafugishana. Kanda zangu kadhaa zikaenda Endasak, za kwake kadhaa zikaja Mbulu. Kusikiliza ni maziwa, sikiliza utakavyo. Ukiinakili kanda, nakala ni ndama, mali ya mwenye kanda mama. Kumpa mtu wa tatu ni mwiko. Siku moja redio ya nesi ikaitafuna kanda yangu. Mwingine angenyamaza. Yeye alipanda gari kuja mpaka Mbulu na gazeti mkononi, akalifungua mbele yangu, ndani mna utepe umesokotana kama utumbo. "Ngozi hiyo, dada," akasema, na machozi yanamlenga. Tulicheka mpaka fundi mwenzangu wa cherehani ya pili akatuuliza kama tumelewa.

Alikuwa anakuja siku za mnada wa mitumba. Ananunua vitu vyake, kisha anakaa kwenye kigoda changu na tunamsikiliza Mzee. Wimbo mmoja Mzee aliupiga ujanani na akaupiga tena uzeeni, tukawa tunaweka huu, tunaweka ule. Nilimweleza nesi kila kitu: kwamba ujanani anajaza kwa sababu anaogopa, na uzeeni anaacha mapengo kwa sababu haogopi tena. Nilimweleza kwa nini ananung'unika. Nilimweleza mpiga besi amenuna kwenye upande wa pili, na kwa nini. Nesi alikuwa msikilizaji mzuri kupita wote niliowahi kukaa nao.

Ndipo mkoa wetu mpya ukatangazwa. Manyara ikakatwa kutoka Arusha, na makao makuu yakaenda Babati. Babati! Sisi Mbulu tuna ofisi za wilaya tangu babu zetu, halafu mkoa unapelekwa Babati kwa sababu eti iko barabarani. Mji mzima ulinuna. Babati wakajaa maafisa wageni, na maafisa wakaja na mashine zao za sidii.

Miezi hiyo hiyo mwalimu wa nesi akaandika kwamba Mzee amefariki, tena zamani, sisi tukimsikiliza kama yuko hai. Akaandika pia kwamba kwenye ghala la redio moja huko kwao zimekutwa rekodi za onyesho lake ambalo watu waliamini limepotea, na sasa zinatolewa kwa sidii, atatutumia. Tulisoma barua ile pamoja, kwenye kigoda kile. Tukakisia ni nyimbo gani zimo, mimi nikazitaja moja moja. Tukawa tunaingojea. Kila siku ya mnada namuuliza, "Imefika?" Ananijibu, "Bado, dada." Halafu akakosa mnada mmoja. Akakosa na mwingine.

Siku moja akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka Babati, kaleta kitenge. Kanda inalia. Akatega sikio, akasema, "Huyu si ndiye anayepigwa kwa bwana mipango wa mkoa? Jumapili tulikuwa kwake. Nesi mmoja wa Endasak alikuwa anatueleza. Jamani, yule dada anajua!"

"Alikuwa anafanya nini?" nikamuuliza.

"Anatueleza. Ana sidii yake mpya, ya onyesho lililokuwa limepotea."

Nilimshonea yule mama mkono mmoja ndani nje. Alirudi kulalamika, na hata sasa sijamwomba radhi. Moyoni nilikuwa nawaka. Sidii imefika, imefunguliwa, imesikilizwa Jumapili mbele za watu wasiomjua Mzee kwa lolote, na mimi niliyemtoa kwenye bitana ya koti naambiwa na mteja! Babati wamechukua mkoa, nikasema kwa sauti, sasa wanachukua na nesi.

Kesho yake nikafunga cherehani. Nikapanda basi mpaka Babati, nikatema mate dirishani tulipopita ofisi za mkoa, kisha gari la Katesh, nikashukia Endasak na kupanda kwa miguu mpaka zahanati. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu, nao nikauona unanidharau.

Nilimkuta nje anaanika mashuka. "Karibu dada!" akasema. "Mbona hukuleta habari?"

"Habari siku hizi nazipata Babati," nikamjibu.

Akaelewa papo hapo. Shuka likabaki mkononi. Nikamwambia aseme sidii iko kwa nani.

"Iko kwa bwana mipango na mkewe. Wao wana mashine. Wewe huna, dada."

"Ningenunua! Ningeuza cherehani!"

"Halafu ungeshona na nini?"

"Usinizungushe. Mashine siyo sababu. Ungekuja kunichukua, ningeifuata mashine hata Dodoma. Sema kweli."

Aliliweka shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote, kama mtu anayeuuliza moyo wake kwanza. Kisha akanitazama. "Kweli unaitaka?"

"Nimepanda magari mawili kuifuata."

"Kwako huwa nasikia ulichosikia wewe," akasema. "Nikifungua mdomo umeshamaliza. Kule Babati waliniuliza, nikajibu. Wakaniuliza tena. Nilikaa kwenye kiti nikawaeleza watu wazima muziki, dada, mimi mtoto wa kuchunga. Nilifurahi. Basi, ndiyo kweli yenyewe."

Nilichotoa kinywani ni hiki: "Nimekuja kuwachukua ng'ombe wangu."

Kwetu maneno hayo hayasemwi kwa mzaha. Ukienda kuswaga ng'ombe wako kutoka zizi la rafiki, umewatangazia majirani wote kwamba urafiki umekwisha. Nesi hakubembeleza. Aliingia ndani akatoka na kanda zangu zote kwenye boksi la dawa, zimefungwa kwa kitambaa safi, hakuna hata moja yenye vumbi. Hilo nalo likaniudhi.

"Na zako nitakuletea," nikasema.

"Zangu ziache huko. Ng'ombe wangu hawajafanya kosa."

"Siwezi kufuga ng'ombe wa mtu niliyegombana naye."

"Utawafuga tu. Wameshalizoea zizi." Akarudi kwenye mashuka yake.

Nilirudi Mbulu na boksi mapajani. Sasa Mzee wote walikuwa nyumba moja, wa kwangu na wa nesi, wa ujanani na wa uzeeni, jambo nililolitamani miaka yote. Nikawapanga juu ya kabati. Nikaweka kanda, ikafika mahali pazuri, nikasema, "Sikia hapo!" Fundi mwenzangu, aliyedhani nazungumzia kitambaa, akajibu, "Bei gani, mama?" Nikazima redio. Nilishona kimya kimya mpaka maharage yakavunwa, na wateja wakaanza kuulizana kama naumwa.

Kiangazi kilipoingia, siku ya mnada, nikasikia hodi. Nesi. "Nimekuja kuona mifugo yangu," akasema.

Mtu akija kuona ng'ombe wake huwezi kumfukuza, hata kama mmegombana, hiyo ni haki yake. Nikamsogezea kigoda bila kumtazama. Alizikagua kanda zake moja moja, akazipuliza, akazigeuza. Nikampikia chai kwa sababu ya ustaarabu tu. Nilikuwa nimeapa kwamba nife leo, sitamuuliza habari za ile sidii.

Akaweka kanda, ule wimbo tuliokuwa tunalinganisha, wa ujanani. Tukasikiliza. "Na kule umo," akasema.

"Kule wapi?" Nilijua ni wapi.

"Kwenye onyesho lililopotea. Lakini kule anauanza kwa mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia sijui kauficha wapi. Watu wanakohoa, naye anapiga noti ile ile moja, anawasubiri wamalize kukohoa." Akaweka vidole vya kushoto juu ya meza ya cherehani yangu, akanionyesha. Polepole, noti moja, noti moja.

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumweleza kwa nini Mzee kafanya hivyo, nikafungua mdomo, na mdomoni hamna kitu. Sikuwahi kuisikia. Miaka yote ile nesi hajawahi kukaa kwenye kigoda changu akiwa na jambo la Mzee ambalo mimi silijui, na leo analo, liko kwenye vidole vyake, na lilikwisha pita kwa watu wa Babati kabla ya kunifikia. Roho iliniuma, na sidhani imeacha. Naye, mshenzi yule, akaacha kupiga, akainua kikombe, akanywa chai yangu taratibu, akakirudisha mezani, akanyamaza.

Nilivumilia. Nilivumilia kweli.

"Halafu?" nikamuuliza. "Halafu akafanya nini?"