Gari Jipya la Zamani

Kaka yangu alipokuja Guangzhou nilijua amefuata vigae vya duka lake. Siku ya pili, tukinywa chai chumbani kwangu Sanyuanli, akanionyesha picha kwenye simu: gari la Kimarekani la zamani, boneti ndefu, milango miwili, mistari myeupe mgongoni.

"Hapa wanalitengeneza upya," akasema. "Bodi mpya, kila kitu kipya, ila sura ileile. Utanitafsiria."

Nilikuwa na miadi Xintang, kukagua mzigo wangu wa jinzi. Nikaahirisha, maana ni kaka mkubwa, na kumkatalia ni kujitafutia simu za mama wiki nzima.

Karakana ilikuwa nje kabisa ya mji. Laoban, yaani bosi mwenyewe, mtu mnene mwenye adabu, alitutajia bei. Nikamwomba airudie, nikidhani nimekosea Kichina. Sikukosea. Kwa bei ile kaka angemaliza nyumba yake ya Kigamboni, iliyoishia kwenye lenta tangu alipooa.

"Injini ni ya umeme," nikatafsiri. "Mngurumo unatoka kwenye spika."

"Spika?"

"Spika, kaka. Kama za harusini."

Laoban akabonyeza kitufe, gari likanguruma bila kutikisika. Pembeni, chini ya turubai, palikuwa na lile la zamani lenyewe, walilolichukulia vipimo. Kaka akaomba liwashwe. Likakohoa, likafuka moshi, likanuka petroli mpaka machozi yakatutoka.

"Hili hapana," akasema, ameziba pua.

Hapo uvumilivu ukaniisha. "Sasa unapenda nini? La kweli hulitaki, unataka sura yake tu! Nunua gari la kawaida, uezeke nyumba."

Akanigeukia. "Na wewe unauza nini? Suruali mpya, zimechanwa magoti kiwandani, zimesuguliwa mpaka zikapauka. Watu Kariakoo wanakulipa zaidi kwa ajili ya tundu. Mimi nimekuuliza?"

Swali hilo lilinikera kuliko spika. Nikasema tu kwamba suruali haimzuii mtu kuezeka. Hakunisikia. Alishaingia ndani, amekumbatia usukani, anacheka peke yake kama mtoto aliyevishwa nguo za Idi. Dukani kwake sijawahi kumwona akicheka vile. Nikamtafsiria mkataba mzima, nimenuna.

Gari lilifika Dar salama. Mwezi uliopita akanipigia simu, niko katikati ya kupakia kontena. Matuta ya mtaani kwao yanalikwangua tumbo. Akataka nirudi karakana nikaulize kama linaweza kuinuliwa kidogo.

"Likiinuliwa halitafanana tena na la zamani," nikamwambia.

"Hivyohivyo. Waulize."

Nikamkatia simu. Kesho yake nikapanda treni, nikaunganisha basi, nikaenda kuwauliza, nikisonya njia nzima.